Simu Iliyonunuliwa kwa Fahali

Swali lililoninyima usingizi mwezi ule mzima lilikuwa hili: baba aliuza fahali ili aninunulie simu, sasa nikiiuza, nitakuwa nimeuza simu yangu au ng'ombe wake? Nililala nalo, nikaamka nalo. Nilipata majibu mawili, na kila moja lilinifanya mtu mbaya kwa namna yake.

Simu ilikuja mwaka niliohitimu masomo ya afya ya mifugo. Baba hajawahi kukaa darasani. Alimuuliza binti wa shangazi yangu watu wenye digrii hubeba nini, naye akamwambia. Basi baba akapeleka fahali mmoja kwenye soko la mifugo la Kajiado, akarudi peke yake, na baada ya muda akanikabidhi boksi jeupe mbele ya watu waliokuja kula mbuzi wa sherehe. Wazee waliishika mmoja mmoja. Waliipima uzito kwa kiganja, wakaigeuza mgongo, wakapitisha kidole juu ya kamera. Hakuna aliyeiwasha. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu haiitwi simu. "Ng'ombe imekula?" mama huniuliza nikifika tu, akimaanisha chaji.

Kitengela, ambako nilikwenda kutafuta kazi, simu hiyo haikuwa na jina. Nilipanga chumba kimoja na yule yule binti wa shangazi, ambaye ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Siku za mwanzo, kila nilipoketi mahali, niliiweka simu mezani kifudifudi ili kamera zionekane. Nilijiona nikifanya hivyo. Niliona pia kwamba hakuna aliyetazama. Mtu wa boda aliyenipeleka kwenye usaili alikuwa na mpya kuliko yangu, ameifunga kwenye usukani kwa mpira. Msichana anayeuza soseji za smokie karibu na steji alikuwa na kama yangu. Huku watu husoma umri wa simu kwa mpangilio wa kamera zake, kwa kutupa jicho tu, kama sisi tunavyosoma alama ya sikio la ng'ombe na kujua ni wa nani.

Kwenye usaili huo, mkubwa wao aliingia mwisho, na wote wakasimama. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo kuanzia pembe hadi pembe. Niliwaza juu ya kioo kile siku nyingi. Je, ni mtu aliyekwisha kufika ambaye hahitaji tena kuonyesha? Au ni mtu tu ambaye simu yake ilianguka? Kazi yenyewe sikuipata, na sikuiwaza hata nusu ya nilivyokiwaza kioo.

Halafu mama mmoja mwenye duka la dawa za mifugo akaniambia ana kona ndogo dukani kwake. Wafugaji humwuliza kila siku kama ana mtu wa kwenda kuwaonea wanyama. Nikija na leseni yangu na mkoba wangu wa vifaa, kona ni yangu, tutagawana. Nisipokuja kufikia mwisho wa mwezi, atampa mwingine anayeulizia. Leseni sikuwa nayo. Mkoba sikuwa nao. Nilikuwa na simu.

"Si uuze tu," binti wa shangazi akaniambia, akikaanga mayai.

"Ni ng'ombe ya Papa."

"Ng'ombe ilishachinjwa, dada. Watu walishakula, wakaenda haja, wakasahau. Hiyo ni simu, na kila mwezi inashuka bei."

"Wewe ndiye ulimwambia aninunulie."

"Nilimwambia simu nzuri. Sikumwambia fahali." Akageuza yai. "Na unaogopa nini? Hapa Kitengela nani amewahi kukuuliza ni ya aina gani?"

Hakuna. Nilijua hakuna. Sikusikia uchungu wala nafuu, nilisikia mafuta yakichemka.

Jumamosi nilikwenda nyumbani, upande wa pili wa mji wa Kajiado, nikiwa nimepanga maneno ya kumwambia baba. Nilimkuta nje ya boma na mzee wa rika lake. Niliinamisha kichwa, kila mmoja akanigusa utosini kwa salamu.

"Toa hiyo ng'ombe ya baba yako tuione," mzee akasema.

Nikaitoa. Akaipima kwa kiganja tena, kana kwamba huenda imenenepa.

"Bado haijazaa?"

"Iko na mimba," baba akajibu.

"Mwaka wa pili huu na mimba? Hiyo ni ndovu!" Wakacheka. Mzee akatoa kabambe yake, simu ndogo ya vibonye yenye tochi. "Hii yangu inamulika fisi. Hiyo inamulika nini?"

"Yako inamulika fisi," baba akasema. "Yangu imesoma."

Alisema yangu. Nilikuwa nimesimama pale na wote wawili walisahau kwamba huwa inakaa mfukoni mwangu. Nikaelewa jambo ambalo sikulielewa Kitengela. Kule, simu ya bei ilikuwa imeacha kusema chochote juu ya mtu. Hapa ilikuwa bado inasema, lakini si juu yangu. Ilisema kwamba kuna mzee aliyeuza fahali kwa ajili ya msichana.

Mzee akairudisha. "Na huyu anafanya kazi gani nayo?"

Baba akatazama ng'ombe waliokuwa wakirudi kutoka majini. "Yuko Kitengela," akasema.

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, kama vile Kitengela ni cheo. Nilingoja nione haya. Haya haikuja. Kilikuja kitu kama ganzi ya mguu uliokaliwa muda mrefu.

Asubuhi nilimfuata baba getini mwa boma wakati anatoa ng'ombe. Maneno niliyoyapanga yalikuwa yamenitoka.

"Papa, nataka kuuza simu."

Hakugeuka. Alikuwa akitazama kwato za mtamba mmoja. "Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Basi unauza ya nini kama ni nzima?"

Nikamwambia juu ya kona, leseni, mkoba, na mwisho wa mwezi. Nilieleza mara mbili, ya pili bila haja. Ng'ombe wakapita kati yetu. Alipoonekana tena alikuwa ameegemea fimbo.

"Watu wataniuliza ng'ombe iko wapi."

"Utawaambia nini?"

"Mimi? Nimeuza mimi?" Akapiga mluzi kwa ng'ombe wa mwisho. "Watakuja kukuuliza wewe. Utawajibu."

Sikujua kama hiyo ilikuwa ruhusa. Nililigeuza neno hilo lote njia nzima ya kurudi. Lingeweza kuwa hasira. Lingeweza kuwa hivyo hivyo lilivyosemwa.

Jumatatu niliingia kwenye duka la simu kuukuu hapa Kitengela. Kijana wa pale hakuipima kwa kiganja. Aliiwasha, akaenda moja kwa moja kwenye afya ya betri, kisha akachungulia tundu la chaji kwa tochi.

"Madam, hii imechoka. Betri imeshuka."

"Imetunzwa."

"Imetunzwa, sawa. Lakini imezeeka."

Alitaja bei ambayo haingenunua hata nusu ya fahali. Nikamwambia aongeze. Akasema ataongeza kabambe. Nilisimama pale nikitafuta sababu ya kusema nitarudi kesho, kwa sababu huwa nasema nitarudi kesho. Sababu zilikuwepo, nyingi, na zote nilikuwa nazijua kwa moyo. Nikatoa laini, nikafuta picha, nikasukuma simu upande wake wa kaunta.

Nikampigia baba kwa kabambe kabla sijatoka mlangoni.

"Papa, nimeuza."

Nilisikia kengele ya ng'ombe upande wake.

"Sawa," akasema. "Huyu mzee yuko hapa. Mwambie."

Akampa simu. Mzee akasalimia, akauliza ng'ombe iko wapi. Nikamwambia nimeiuza ili nilipie leseni na mkoba wa kazi, na kwamba kuanzia wiki ijayo akiwa na mnyama mgonjwa anipigie. Kisha nikavuka barabara kwenda dukani kwa yule mama, kumwambia asitafute mtu mwingine.