142857 ya Mwalimu Mirumbe

Mwalimu Mirumbe alikuwa na namba yake. Wengine wana ng'ombe, wengine mashamba ya tumbaku. Yeye alikuwa na 142857, na hakuna aliyemwonea wivu.

Ukiizidisha kwa mbili unapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu ni zilezile, kwa mfuatano uleule, ila zimeanzia mahali pengine, kama mbuzi anayezunguka kigingi. Kwa nne, tano, hata sita, ni hivyo hivyo. Aliipata chuoni akisomea ualimu, na mtu wa kwanza kuonyeshwa alikuwa mkewe, Bhoke, kwao Ntimaru. Bhoke hakusoma sana, lakini alipenda hesabu hiyo kuliko mumewe alivyotarajia. Jioni Bhoke akipepeta wimbi, Mirumbe alimpigia hesabu hiyo kwa mkaa ukutani, naye akauliza, "Huyo moja amekimbilia wapi leo?" Walicheka mpaka chakula kikaungua. Hawakujaliwa watoto, nani angewakataza mchezo wao?

Bhoke alifariki mwaka 1995. Mwaka uliofuata Mirumbe akahamishiwa shule moja karibu na Kisegi, ziwani, ambako watu walizungumza Kijaluo naye akabaki na Kiswahili chake. Upweke ulimkaba. Aliwaonyesha walimu wenzake ile namba. Wakaitikia kwa adabu, wakarudi kwenye gazeti. Wanafunzi walinakili wakidhani itatoka kwenye mtihani. Yeye alitaka sikio moja tu.

Jumamosi moja alikwenda kununua omena kwa Jedidah, mama aliyeanika samaki chini ya nyumba za walimu. Akingoja zikauke, akachora hesabu yake mchangani kwa kijiti. Jedidah akaacha kuzigeuza omena, akainama, akafuata kila mstari kwa kidole mpaka wa sita.

"Na saba je, mwalimu?"

Kwa akina Bhoke saba ilikuwa namba ya mkosi. Kila walipomaliza sita, Bhoke alimshika mkono asiendelee, wakaenda kulala namba yao ikiwa salama. Mtu wa hesabu kukaa miaka yote hiyo bila kuchungulia! Lakini ndivyo alivyompenda, na hata baada ya kumzika hakuthubutu.

Akamwambia Jedidah kwamba hajui.

"Si upige tuone," Jedidah akasema. "Hiyo kitu haiwezi kukuuma."

Akapiga. Tisa. Tisa. Tisa tena. Alipofika mwisho, mchangani palikuwa na 999999, na zile tarakimu zake zote zimepotea. Mirumbe akashika kichwa kwa furaha. Hakuwahi kuona kitu kizuri hivyo. Akainuka, omena akazisahau, akapanda mlima mbio kwenda nyumbani kumwambia Bhoke.

Akausukuma mlango na kumwita jina lake kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Nyumba ilinyamaza. Ndipo akaketi kizingitini, akalia.