Wageni Wasioonekana wa Mama Emérita

Emérita Akilimali hapiti mbele ya kiumbe bila kukisalimu. Kuku wa jirani, mbuzi aliyefungwa kando ya njia, hata kinu cha mihogo kikiwa kinanguruma, wote hupata salamu yao. Watu wa Kibua wameshamzoea. Wenye haraka ya kwenda shambani huzunguka nyuma ya kanisa, maana ukikutana naye atataka kujua umeamkaje, watoto wameamkaje, na yule shangazi yako mwenye kuumwa mgongo ameamkaje, na jibu la "muzuri tu" halikubali hata kidogo.

Ndiyo sababu redio ya kijiji ilimpa kipindi cha salamu, na hakuna aliyewahi kufikiria kumnyang'anya. Lakini sauti ya redio ile haifiki mbali. Vijana walipoanza kwenda kuchimba dhahabu Omate, wengine wakafika mpaka Rubaya, na vita vikazisukuma familia nzima mbali zaidi, Emérita alijikuta akisalimu watu wasiomsikia. Jambo hilo lilimuuma. Basi Elodie, msichana wa Goma aliyekuja kufunga kompyuta ya redio, akamtengenezea ukurasa kwenye intaneti. Salamu zinazosomwa redioni huandikwa pale pia, na aliye mbali akituma yake kwa ujumbe, inasomwa hewani na kuwekwa ukurasani. Emérita alifurahi kama mtu aliyeongezewa mlango wa pili nyumbani.

Furaha hiyo ilikutana na Papa Patient. Huyu ni rais wa kamati ya redio, na ni yeye pia mwenye kuongoza kwaya. Kwaya ilikuwa imepata kinanda cha umeme, na kinanda bila umeme ni ubao. Papa Patient akaitupia jicho paneli ya sola inayolisha kompyuta ya Emérita.

"Mama Emérita," akamwambia Jumapili moja baada ya misa, mbele za watu, "ule ukurasa wako, ni nani anausomaka? Siku ya Posho kamati itakaa. Utuonyeshe batu. Kama batu hawako, panneau inaenda kwa kwaya."

Posho ndiyo Jumamosi yao. Emérita alikuwa na wiki moja ya kuokoa ukurasa wake.

Kwa bahati, Elodie alikuwa amefunga pale programu ya kuhesabu wageni. Unafungua ripoti yake kwenye kivinjari, unaona waliosoma ni wangapi na wametoka wapi, na mstari unapanda na kushuka. Emérita hakuwahi kuifungua. Kwake yeye ilikuwa mgeni njoo, mwenyeji apone, habari ya kuhesabu wageni ilikuwa kama uchoyo. Sasa akaifungua kwenye simu yake. Ikaja nyeupe. Akaisalimu. Akaifunga, akaifungua, akakipangusa kioo kwa pindo la kitenge. Nyeupe tupu.

Elodie akamtumia sauti kutoka Goma. "Mama, jaribu kwa ordinateur. Halafu navigateur ikikataa, ufute mémoire yake yote."

Kwenye kompyuta mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu kilikuja kibao chekundu kikisema mahali hapa si salama, rudi ulikotoka. Emérita akafuta kumbukumbu za kivinjari kama alivyoagizwa, na kwa bidii yake akafuta na maneno yote ya siri ya redio, jambo ambalo wenzake mpaka leo hawajamaliza kumsamehe. Kibao kikabaki chekundu.

"Mama, tarehe ya iyo ordinateur iko inasema nini?" akauliza Elodie.

Emérita akainama kutazama pembeni ya kioo. Kompyuta ilikuwa inaishi mwaka 2009. Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa siku hizo hizo, na tangu hapo kila umeme ulipokatika ilirudi kwenye siku zake za utoto. Kivinjari kilitazama vyeti vya usalama vya ule ukurasa, kikaona vimeandikwa mwaka ambao haujafika, kikakataa. Hata ofisa wa mpakani angekataa. Emérita akacheka mpaka akakohoa, akaiambia mashine pole, akarekebisha tarehe, akaujaribu ukurasa wake, na ripoti nayo ikafunguka na rangi zake zote.

Mstari ulikuwa umelala chini. Mwezi mzima mgeni alikuwa mmoja tu, kutoka Kibua, na alitumia kompyuta. Ni yeye mwenyewe, alipoujaribu ukurasa dakika chache zilizopita.

Siku hiyo Emérita alilia. Hakulia sana, kwa sababu watu walikuwa wanapita nje na ilibidi awasalimu, lakini alilia. Salamu zote zile, akawaza, nilikuwa nazitupa porini.

Kesho yake akaja Hubert, mchimbaji wa Omate, aliyekuwa amerudi kumwona mkewe aliyejifungua. Alileta kipande cha samaki mkavu kwenye jani.

"Mama, aksanti sana. Bibi yangu alipozala, miye nilisoma salamu yake kwako. Nilicheza pale pale kwa kilima."

"Ulisoma wapi?"

"Kwa telefone, Mama. Siye bote tunasomaka. Mangaribi tunapanda kilima kwenye réseau ya telefone iko, tunasoma."

Emérita akamkalisha kwenye kiti kwa nguvu, akafungua ripoti mahali panapoonyesha nani yuko ukurasani sasa hivi. "Fungua. Soma."

Hubert akafungua, akasoma kwa sauti, vizuri kabisa. Ripoti ikasema hakuna mtu.

"Hubert, hii mashine inasema weye hauko."

Hubert akajishika kifua. "Niko, Mama. Ata asubuyi nilikula."

Emérita akaichukua ile simu, akaigeuza huku na huku, na pale juu ya kivinjari akaona neno dogo: économie, yaani kubana matumizi. Hubert akamshangaa. Kwani kule Omate ni nani anafungua navigateur bila kuweka économie? Mega zinaishaka mbio kuliko chumvi! Ukiweka hivyo, kivinjari kinaleta maneno matupu, na mapambo yote na vijiprogramu vilivyojificha ukurasani vinaachwa nje. Na kihesabu wageni cha Elodie kilikuwa kimojawapo cha vijiprogramu hivyo. Mgeni anaingia, anakula, anashiba, anaondoka, na bawabu hajamwona.

Wakaiondoa économie. Mstari ukaruka: mtu mmoja. Wakairudisha, mtu akapotea. Wakaiondoa tena. Watu wazima wawili walicheza hivyo mpaka samaki akachukuliwa na paka. Hapo Emérita akaelewa na ile ripoti nyeupe ya simu yake mwenyewe, maana hata yeye alikuwa ameweka économie tangu siku aliyoinunua.

Elodie alipopigiwa aliona aibu, kwani huko Goma alikuwa amejaribu kila kitu kwa intaneti ya ofisi isiyohesabiwa mega. Ila wageni waliokwisha kupita, akasema, hawawezi kurudishwa kwenye hesabu. Akashauri Mama awatangazie wasomaji wote waondoe économie mpaka Jumamosi. Emérita akakataa. Atawaambiaje watoto wa watu wamalize mega zao ili yeye ahesabiwe? Mwenyeji hamtozi mgeni mlangoni.

Basi Jumamosi akaenda mbele ya kamati na mstari wake uliolala. Papa Patient akavaa miwani.

"Batu babili," akasoma.

"Ni miye na Hubert," Emérita akasema, na watu wakacheka. Akaeleza habari ya économie mwanzo mpaka mwisho. Papa Patient akakohoa kama anavyokohoa kabla ya kuipa kwaya sauti ya kuanzia, na kila mtu akajua anataka kufunga shauri.

Lakini tangu siku ya Hubert, Emérita alikuwa na shaka juu ya mtu mmoja. "Papa, mbele ya kukata maneno, nikuombe kitu. Utufungulie ukurasa kwa telefone yako. Bote baone."

"Yangu haiko na mega."

"Tutakupa ya modem ya redio."

Hakuwa na pa kukimbilia. Akatoa simu, akaandika herufi ya kwanza ya anwani, na kabla hajaandika ya pili kivinjari kikaimalizia chenyewe, kama kinavyofanya kwa njia inayopitwa kila siku. Juu yake pameandikwa économie. Chumba kizima kikaona.

"Papa," Emérita akasema taratibu, "navigateur yako inajua njia."

Papa Patient akavua miwani. "Ni Gaëlle," akasema.

Gaëlle ni binti yake, aliyeolewa Rubaya. Kila wiki alimtumia baba yake salamu, Emérita akazisoma hewani, saa ile ile baba mtu alipokuwa kanisani akifundisha kwaya. Watu walidhani hazimfikii, au hazimgusi. "Miye nilizania niko peke yangu mwenye kusoma," akasema. "Na panneau ya mutu moja, ni aibu kuikatalia kwaya."

Mama Chantal, mweka hazina, akafungua mkoba wake polepole. "Ata miye," akasema, akionyesha simu. Katekista akatoa yake. Ikawa kila mmoja mle ndani alikuwa msomaji, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Wakaondoa économie, simu moja baada ya nyingine, na mstari ukaanza kupanda mbele ya macho yao. Papa Patient akaushangilia kuliko wote. Akaamua hapo hapo: asubuhi paneli ni ya ukurasa, alasiri ni ya kinanda.

Watu walipotoka, Emérita akamzuia mlangoni. "Na mutoto haujamujibiaka. Kwa nini?"

"Niliogopa utanisoma kwa redio."

"Nitakusoma. Sema."

Akasema maneno machache, akiangalia sakafu, na Emérita akayaandika ukurasani. Kabla jua halijazama ujumbe ulikuja kutoka Rubaya: "Papa, miye nilizania weye hausomaka. Niliandikaka tu."

Emérita akaitazama ripoti. Kutoka Rubaya, ilisema, hakuna mtu aliyepita. Akaiambia usiku mwema, akaizima, akaenda kumtafuta Papa Patient kwenye kwaya.