Wiki Mbili za Kukatazwa Maji

Kiinitete nilipandikiziwa Nairobi, siku ya Jumatatu. Daktari alisema sina haja ya kulala kitandani. Nitembee, nipike, nibebe hata mtungi mdogo wa maji, kisha baada ya wiki mbili nipimwe damu. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na mayai yangu yalikuwa yamekwisha. Kiinitete hicho kimoja ndicho kilikuwa cha mwisho.

Mama mkwe wangu alicheka nilipomweleza. Tunaishi naye boma moja, juu kidogo ya Muthara, na maji tunayateka bondeni. Tunayapandisha mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Jioni hiyohiyo alikuja jikoni kwangu akautoa msumarini.

"Mwari, binti yangu, hii mukwa nimechukua. Daktari yako hajawai panda hii mlima."

"Mama, amesema ni sawa. Na wewe mgongo inakuuma."

"Mgongo yangu ilishamaliza kazi. Yako ndio iko na kazi."

Mara ya kwanza, miaka mitatu nyuma, nilibeba maji kama siku zote na mimba haikushika. Daktari alisema maji hayana hatia. Boma zima lilijua vingine, nami sikuwa na nguvu za kubishana tena. Basi nilikaa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikichambua maharagwe niliyokwisha kuyachambua, nikimtazama mwanamke wa miaka sabini na ushei akipanda na lita ishirini. Watu husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Aliyesema hivyo hakuwahi kuitafuta.

Nilikasirika, nikaona aibu, halafu nikaanza kupenda kutunzwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilianza kuamini. Hata chooni nilikwenda polepole, kama mtu aliyebeba sufuria ya uji wa moto.

Wiki mbili zilipotimia nilikwenda mjini Maua kupimwa. Hakukuwa na kitu. Nilimpigia daktari nikamuuliza ingekuwaje kama ningetembea zaidi, au kama ningelala kabisa. Alisema hakuna ambacho kingebadilika. Nilitamani anilaumu, maana kosa lingekuwa langu ningejua la kujutia.

Mama mkwe alikuwa uani akimenya viazi. Aliniona nikiruka kutoka kwenye bodaboda bila kushika tumbo, akaweka kisu chini. Alinimiminia uji, akakaa nami mpaka nikaumaliza, kisha akaenda kwake.

Asubuhi nilipoingia jikoni kuwasha moto, nilikuta mukwa umerudishwa kwenye msumari wangu. Alikuwa ameupaka mafuta ukalainika. Niliufunga kwenye mtungi mkubwa, nikashuka bondeni.