Mwezi wa Mfungo Pili Kilangoni

Mbodze alipotoka eda hakutaka mambo mawili: kuambiwa apumzike, na kuonewa huruma. Aliyekwenda kumpa pole, akianza tu kutaja uzee na magoti, aliulizwa kama kwake hakuna kazi. Ndivyo alivyo. Hata leo ukipita uani kwake, pale kwenye kiteremko cha kushukia Mto Mkurumudzi, hutamkuta amekaa bure. Atakuwa na fito mapajani na kamba ya usumba wa nazi mdomoni, anasuka migono.

Mgono, kwa asiyeujua, ni mtego wa samaki wa mtoni, mrefu, umefumbwa upande mmoja. Mdomoni hutiwa ulimi wa fito laini zilizoelekea ndani. Samaki akiingia zinampisha, akitaka kutoka zinamchoma. Wasukaji wapo wengi kuanzia Gazi mpaka Msambweni, lakini ulimi wa mgono wa Mbodze hauna mwenzake. Mwenyewe atakwambia, wala huna haja ya kumuuliza.

Kazi hiyo alifunzwa na bibi yake. Shule aliionja tu, akaiacha, na hajapata kusema kwamba alikosa kitu. Siku ya kuolewa na Matano alikuja na sanduku lake, na juu ya sanduku migono miwili, watu wa arusi wakacheka. Matano hakucheka. Aliuchukua mgono mmoja mbele ya wageni, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akashindwa kuutoa bila ya kujichoma. Akasema, "Huyu ndiye niliyekuwa nikimtafuta." Kisha akaomba asaidiwe, maana mkono ulikuwa bado umo ndani.

Nyumba ya kina Matano ilikuwa na mahali pake mtoni, panaitwa Kilangoni. Ni mawe mawili makubwa yaliyokaribiana katikati ya mto, maji yakaachiwa njia nyembamba ya kupita. Chini ya hapo mto unakwenda kwenye mikoko, kisha bahari. Siku za bamvua, bahari inapojaa sana, maji ya chumvi hupanda mtoni mpaka kuyafikia mawe yale. Kambare ni samaki wa maji matamu. Akiionja chumvi hukimbilia juu, na njia ya juu ni hiyo moja tu, baina ya mawe mawili.

Lakini si kila bamvua. Kiangazi mto huwa mwembamba na maji meupe, kambare amejilaza topeni, hata umpigie ngoma hatoki. Masika yakishakolea, mto huchukua magogo, na migono, na mwenye migono. Wakati wenyewe ni masika yakianza, mvua za kwanza zimeyafanya maji kuwa mekundu, na mwezi uwe mchanga. Mwezi mpevu nao una bamvua lake, lakini kambare hapendi mwangaza, hujificha. Basi yataka maji mekundu, na giza, na chumvi inayopanda. Hayo yakikutana, siku ndiyo hiyo.

Na aliyekuwa akiijua siku hiyo alikuwa Matano.

Katika nyumba ile kazi ziligawanywa tangu mwanzo, bila ya mtu kusema. Mke alisuka, mume alihesabu. Mwezi ukikaribia kuandama, Matano baada ya magharibi alisimama nyuma ya jiko, akaangalia machweo kupitia minazini, hata ukimwita haitiki. Jioni ya pili tangu mwezi kuandama, aliingia ndani, mikono nyuma, akasema, "Mbodze, toa migono." Maneno ni hayo tu. Mbodze alijifanya ana shughuli nyingine, akasonya kidogo, na huku migono alikwisha kuitia machicha ya nazi na matumbo ya kuku tangu alasiri, kwa kuisoma siku usoni mwa mumewe.

Kisha wakateremka wawili, yeye leso ameikunja mpaka magotini, Matano peku. Harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza ilikuwa nzito, mtu angeweza kuila. Walibishana njia nzima, mgono upi ukae kulia na upi kushoto, na wakifika chini waliiweka kama mwaka uliopita. Zamani hizo mchanga wa mto ulikuwa haujachotwa kwa malori. Ukisimama majini ulihisi samaki wanakupita miguuni kama watoto wanaotoka chuo cha Kurani. Asubuhi migono ilitolewa kwa kuvutana, na Matano, mtu mkimya yule, hapo ndipo alipokuwa akiimba.

Kambare wa kwanza wa masika huitwa limbuko. Hupikwa kwa tui na embe mbichi, nyumba nzima ikaonja. Na pale mtoni limbuko ndiyo hati. Hakuna karatasi ya mahali pa kutegea. Nyumba isiyotoa limbuko masika mawili yanayofuatana, husemwa mahali pao pamelala, na jamaa wa karibu ana haki ya kupaamsha kwa migono yake.

Matano alifariki mwaka juzi, vuli ilipokwisha. Masika yaliyofuata yalimkuta Mbodze ndani ya eda, na mto ukapita bila yeye. Hayo yakawa masika ya kwanza. Ya mwaka huu ndiyo ya pili, na jamaa wa karibu alikuwa Maimuna, dada yake Matano, anayekaa kilimani juu ya njia. Wifi ni wifi. Maimuna alikwisha kusema kisimani, mbele ya watu, kwamba Kilangoni ni pa baba yake yeye, na kama mwenye migono ameshindwa, damu ipo. Mbodze aliposikia alituma jibu kwa mtu yule yule aliyeleta maneno: limbuko litatoka mkononi mwake kama siku zote, na Maimuna ataletewa mchuzi apoze moyo.

Alijibu hivyo kwa sababu ya kiburi. Ukweli hakumwambia mtu. Kuhesabu hakujua. Miaka yote ile alingojea kuambiwa atoe migono.

Mvua za kwanza zilinyesha mwezi wa Idi ukielekea mwisho, mto ukageuka rangi. Ukafika usiku wa kutazamia mwezi wa Mfungo Pili, wa pili baada ya Ramadhani. Mbodze akasimama nyuma ya jiko, mahali pale pale pa mumewe, akaangalia machweo. Mawingu yalikuwa yamekaa kama godoro. Mwezi wa Ramadhani watu huutazama nchi nzima, na redio ikatangaza. Mfungo Pili haumshughulishi mtu, hakuna anayefunga wala anayefungua. Akabaki peke yake na mawingu yake.

Mwanawe Jaafar, anayefanya kazi hoteli moja huko Diani, akapiga simu asubuhi yake. Baada ya shikamoo na habari za afya akamwambia mwezi umeandama jana. Mbodze akamuuliza kama ameuona kwa macho yake. Jaafar akasema hapana, simu ndiyo inayoonyesha.

"Simu ina macho?"

"Haina, mama, lakini ina hesabu."

"Basi ikija kula limbuko niambie, niipikie."

Akafanya alivyofunzwa chuoni tangu utoto. Mwezi usipoonekana kwa mawingu, hutimizwa siku thelathini, ndipo unapoanza mwingine. Ni sheria nzuri, na kwa saumu ndiyo yenyewe. Kosa lake Mbodze ni kudhani kwamba na bahari nayo hufuata sheria hiyo. Mtu hungoja aone. Maji hayangoji.

Kwa hesabu yake jioni ya pili ilipofika, aliitia migono machicha na matumbo, akashuka nayo peke yake, mmoja mmoja, njia inateleza. Akaiweka baina ya mawe, midomo imeelekea chini, tayari kumpokea kambare anayekimbia chumvi. Hakukuwa na wa kubishana naye, kulia na kushoto vikawa sawasawa tu. Akafunga kamba, akapanda nyumbani.

Asubuhi akaishika kamba, na kabla hajavuta alijua. Mgono wenye samaki hutetemeka mkononi. Ule ulikuja mwepesi, na ndani mna majani na kaa mmoja mdogo anayekula machicha bila ya wasiwasi. Wa pili hata kaa haukuwa naye. Mbodze akaweka kidole majini, upande wa juu wa mawe, akaonja. Chumvi. Chumvi ilikwisha kupita Kilangoni, na waliokuwa wakiikimbia walikuwa wamepita kabla yake. Amechelewa, hilo alilijua sasa. Hakujua amechelewa kwa kiasi gani.

Akakaa juu ya jiwe, miguu majini. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu Matano azikwe, alimkasirikia. Mtu unakaa naye umri mzima, anakwambia "toa migono", asikwambie anajuaje. Kisha akajiuliza kama yeye aliwahi kumuuliza, na jibu lake hakulipenda.

Lakini kupapoteza Kilangoni hakukubali. Akatoka majini, akashika njia ya kilimani na leso yake imerowa.

Maimuna alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Alimwona wifi yake toka mbali, akaendelea kukuna.

"Leo njia imepotea au wewe ndiye uliyepotea? Mchuzi wangu uko wapi?"

 Mbodze alikaa juu ya ukingo wa baraza, akajikamua leso, akatazama kuku wa watu. Alizungumza habari za mvua. Alizungumza habari za muhogo. Maimuna akamwacha aizunguke nyumba nzima kwa maneno mpaka akachoka.

"Maimuna," akasema mwisho, "leo mwezi una siku ngapi?"

Mbuzi ikanyamaza. Maimuna alikuwa na kila haki ya kucheka, na kama angesema sijui, Kilangoni pangekuwa pake kabla ya adhuhuri.

"Tatu," akasema. "Niliuona kwa macho yangu. Nilikuwa ninatoka hitima Mkongani, wingu likapasuka pale juu kidogo tu, kama mtu anayefunua pazia."

"Na hukuniambia."

"Ungeniamini?"

Mbodze akafikiri. "La."

"Haya." Maimuna akaanza kukuna tena, polepole. "Kaka yangu naye hakuwa akiambiwa. Alikuwa akija mwenyewe. Mbingu ikifunga, alipanda hapa akaomba tambuu, nami najua hatafuni tambuu. Anazungusha maneno kama wewe hivi, mpaka auulizie mwezi. Nisipojua mimi, alikwenda kwa wachunga ng'ombe kule juu. Ulidhani anaoteshwa?"

 Mbodze alikuwa akimwona Matano amekaa ukingoni pale pale, anatafuna tambuu asiyoipenda, anazungumza habari za muhogo. Akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa leso mbichi iliyomtia maji zaidi.

Kisha akanyanyuka. "Kama leo ni siku ya tatu, basi kuanzia usiku wa leo bamvua linalegea."

"Linalegea, ndiyo. Umekwisha kuwakosa, wifi."

"Nimewakosa wakipanda. Chumvi ikishuka, nao watashuka, wanalifuata tope lao. Na njia ni ile ile." Alikuwa amekwisha kufika njiani. "Wewe unajua mwezi, mimi ninajua mgono. Nitaigeuza midomo."

Maimuna akaiacha nazi nusu, akamfuata. Alisema anakwenda kushuhudia tu, watu wasije kusema ameibiwa mahali pake. Lakini walipofika mtoni aliingia majini na nguo zake, akaushika mgono mmoja. Wakaigeuza midomo ielekee juu, jambo ambalo Matano hakuwahi kulifanya hata siku moja, na walibishana juu ya kulia na kushoto mpaka jua likawa kali.

Asubuhi yake kamba ilitetemeka. Mgono mmoja ulikuwa na kambare wawili, masharubu yao yametokeza baina ya fito. Wa pili ulikuwa na mkunga mwenye hasira, aliyemfanya Maimuna aruke mpaka juu ya jiwe na umri wake wote. Si wengi. Zamani wangeona aibu kupanda nao. Lakini limbuko halipimwi, limbuko linatoka au halitoki, na lilikuwa limetoka.

Mbodze akawapika mwenyewe, kwa tui zito na embe mbichi. Mkubwa wa nyumba ndiye anayeanza kuonja, na siku hizo zote mkubwa alikuwa Matano. Sahani ilipotua mkekani Maimuna akaisukuma mbele ya wifi yake. Mbodze akaitazama kidogo, akaisukuma tena ilikotoka.

"Anza wewe. Ndiwe uliyeuona mwezi."

Maimuna akamega, akatafuna kwa makini kama hakimu, akasema embe imezidi.

"Mwezi ujao," Mbodze akamwambia, "ukiuona wewe kwanza, teremka uniambie. Nikiuona mimi kwanza, sikuambii."

"Wewe hutapata kubadilika," akasema Maimuna, na akamega tena.