Farasi Aliyetoka Kwenye Mtumbwi wa Baba

Harufu ya rubisi haikuwahi kutoka kwenye mtumbwi wa baba. Hata ukikaa miezi bila kazi, ukiinama ndani yake ulinusa ndizi mbivu zilizokamuliwa kwa miguu, nyasi, na mtama uliochachuka. Kwetu Rugera tunauita mtumbwi ingawa haujui ziwa: ni gogo lililochongwa tumbo, la kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baba alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, aliniachia mtumbwi huo, kibanja cha migomba na kahawa, na wadogo zangu wawili, Kemi na Deo. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliacha shule kidato cha pili, nikashika jembe.

Kemi alikuwa na miaka kumi na miwili na ugonjwa mmoja: farasi. Alimwona kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo, amesimama katika majani marefu, na tangu hapo hakuchonga kitu kingine. Hakufundishwa na mtu. Alichonga kwa kisu cha kumenyea ndizi, kwenye kuni, kwenye mizizi ya mibuni iliyong'olewa. Kwa kuwa majani ya kalenda yalificha miguu, na hatukumjua mtu yeyote mwenye farasi, aliwapa wote kwato zilizopasuka kama za ng'ombe. Jioni aliniuliza, "Kaka, farasi akikimbia shingo inakwenda wapi?" Nami, mgongo ukiniuma kwa kibarua cha kupalilia, nilimjibu, "Inakwenda kulala."

Kiangazi kile baba mkubwa alituma ujumbe kutoka Kaisho kwamba angekuja Jumapili pamoja na mzee wa ukoo. Tulijua maana yake. Tangu mazishi alikuwa akisema watoto hawawezi kulea watoto: Deo aende kwake, Kemi aende kwa shangazi Kituntu, mimi nibaki kulinda migomba. Ijumaa nilirudi kutoka kibaruani nikakuta mtumbwi umelala ubavu, nusu yake imekatwa. Kwenye gogo lile vilikuwa vimetokeza shingo, kichwa, na mguu mmoja ulionyanyuliwa. Kemi ameshika tezo la baba. Nilimpigia kelele hadi Deo akakimbilia migombani.

"Miti mingine yote inapasuka," alisema Kemi. "Huu umekunywa pombe miaka yote, kaka. Haupasuki."

Gogo lilikuwa zito mno kufichwa. Jumapili baba mkubwa aliliona kabla hajamaliza kuitikia shikamoo zetu.

"Huyu ng'ombe, pembe zake mmezila?"

"Ni farasi, baba mkubwa," Kemi alinong'ona.

Mzee wa ukoo akacheka. Baba mkubwa hakucheka, akanigeukia. "Mtumbwi wa ndugu yangu! Nani aliruhusu?"

Niliuona mtego. Nikisema Kemi alijiamulia, basi sina sauti katika nyumba ile, na safari ya Kituntu imeiva. Nikisema nilimruhusu, mimi ni mjinga. Kemi alikuwa amefungua mdomo kusema kweli. Nikamuwahi, nikachagua ujinga.

"Mimi. Baba aliniachia mimi mtumbwi. Ningemwomba nani?"

Mzee alilizunguka gogo polepole, akapapasa ile shingo, akarudia tena. Nilisikia kuku wakiparua takataka nyuma ya jiko. Deo alikuwa amenishika suruali.

"Kijana ni mpuuzi," mzee alisema hatimaye, "lakini nyumba ina mwenyewe. Twende zetu, jua halijawa kali."

Leo Kemi ni mchongaji Bukoba na farasi wake wanaagizwa na watu nisiowajua. Deo ni mwalimu Muleba. Nyumbani nimebaki mimi na migomba, kama vile baba mkubwa alivyopanga. Alichotaka kukifanya kwa Jumapili moja, miaka imekifanya taratibu, na siku nyingine ukimya wa nyumba hii hunibana. Ila Kemi alipoondoka alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alifunga begi lake mwenyewe, na aliniaga mlangoni akicheka.