Wanunuzi Waliokimbia Jiko Jipya

Mnunuzi wa tatu alitoka nyumbani kwetu na soksi tu mguu mmoja. Kiatu kakishika mkononi.

Hakuaga.

Dalali akamkimbilia hadi barabarani. "Bosi! Bosi, choo bado hujakiona!" Yule bwana akaingia kwenye gari, akatia gia, huyoo.

Wa kwanza naye aliondoka hivyohivyo. Wa pili ndiyo usiseme, maana alikuja na mkewe na futi ya kupimia mapazia kabisa. Wanaingia wanacheka, nusu saa haifiki, wanatoka kama wameona nyoka.

Sasa jamani, nyumba imepakwa rangi juzi. Jiko jipya. Geti jipya. Watu wanakimbia nini?

Ngoja niwape mkasa wote, maana mimi mwenyewe nilichemsha humu ndani.

Mimi ni kinyozi. Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi. Nyumba ni ya mama. Baba aliiacha kuta tupu, mama akaimalizia kwa cherehani yake, chumba kimoja baada ya kingine. Tatizo ni kwamba iko mwinukoni. Kutoka getini mpaka mlangoni ni ngazi kumi na saba.

Goti la mama lilipoanza kugoma, zile ngazi zikawa kesi. Siku aliyoanguka na kapu la viazi, viazi vikatangulia kufika barabarani, dada akakata shauri. Nyumba iuzwe, mama ahamie kwake.

Tulimweleza mama tukiwa mezani. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Haya."

Akaendelea kuchambua.

Sisi tukaridhika, tukaruka moja kwa moja kwenye swali tamu: turekebishe nini kabla ya kuuza? Ukiacha rangi, uwezo wetu ulikuwa wa vitu viwili, tukijibana sana.

Pale saluni kwangu kila kichwa kinachokaa kitini kina ushauri. Fundi bomba akasema, "Choo. Mtu akipenda choo, kaipenda nyumba." Muuza magodoro akasema vyumba vya kulala. Mwalimu mstaafu akasema tupande maua. Dereva wa lori ndiye aliyeniacha hoi: "Piga rangi nyeupe kila mahali. Nyeupe inaficha umri."

"Mbona kichwani kwako umeniambia nitie nyeusi?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Hata yeye.

Dada alisimamia jiko. "Mke akipenda jiko, mume anasaini." Mimi nikasimamia geti. Nilimwambia mtu huanza kununua akiwa bado barabarani. Tukabishana wiki nzima kwenye simu, mpaka shemeji akaanza kula chumbani.

Mwisho tukamwita fundi rangi, mzee mmoja asiyejua kupaka maneno mafuta. Akazunguka nyumba. Akapanda darini, akashuka na vumbi mpaka kwenye kope.

"Ingekuwa yangu," akasema, "ningeziba paa la chumba cha nyuma, nikazibua bomba la sinki. Basi. Mengine namwachia anayekuja."

Dada akamkata jicho. "Fundi, paa nani analiona?"

"Mvua."

Tulicheka, tukamlipa ya kututazamia, tukaweka jiko na geti. Doa la mvua lililokuwa ukutani chumba cha nyuma tukamwambia alipige rangi. Likarudi. Akalipiga tena. Mara ya tatu likatii.

Mama siku zote hizo kazi yake ilikuwa kuwachemshia mafundi chai.

Sasa wanunuzi huja Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya vichwa. Dada naye yuko zamu. Kwa hiyo mwenyeji akawa mama. Dalali hupanda mara moja, anatambulisha, kisha anashuka kwenda kupiga simu getini.

Alipokimbia yule wa kiatu, dalali alinijia saluni, akaninong'oneza nikiwa na wembe mkononi.

"Nyumba yenu ina kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu. Mimi sisemi zaidi."

Hasemi zaidi! Jumatatu mtaa mzima ulishajua kwamba kwetu kuna jini. Jumanne likawa jini la kike. Kufika Alhamisi linashona cherehani.

Dada akapiga simu, kaja na mpya: tuweke vigae sebuleni.

"Tutaweka vigae mpaka kaburini," nikamwambia. "Mimi Jumamosi nafunga saluni. Nitajificha nione kwa macho yangu."

Na kweli nilifunga. Nikapita mlango wa nyuma mama akiwa anaoga, nikajibanza stoo, kachumba kalikobanwa kati ya jiko na chumba cha nyuma. Mafagio huku, ndoo za rangi huku, mimi katikati nimesimama kama mwiko.

Saa nne akaingia mnunuzi wa nne. Mwanamke mmoja wa makamo, buti miguuni, tochi kiunoni. Fundi umeme, alijitambulisha hivyo. Dalali akashuka zake na simu.

Nikachungulia kwenye ufa.

"Karibu mwanangu," sauti ya mama imejaa asali. "Jiko zuri, eeh?"

"Zuri sana, mama."

"Zuri. Ila usifungue maji mengi. Sinki linarudisha. Wiki iliyopita nilimfungulia bwana mmoja aone mwenyewe, yakamwingia kwenye kiatu, masikini."

Nikauma kidole nisipige kelele.

"Pita huku. Doa hili unaliona?"

"Sioni doa, mama."

"Wamelipaka rangi. Gusa! Umeona? Mvua zikianza unatega beseni moja pale, la pili hapa. Kitanda usiweke katikati, utaogelea. Na huu mlango hufura, haufungi mpaka uusukume kwa nyonga, hivi... aah. Hivi. Zile ngazi nazo, ya tisa ina utelezi. Mimi imeniangusha."

"Panya je?"

"Panya hakuna. Ngazi zimewashinda."

Moyoni nikasema, kwisha habari yetu. Nikasubiri kusikia buti zikikimbia.

Buti hazikusogea.

Kisha fundi umeme akauliza, "Beseni hujaa kwa muda gani?"

"Eeh?" Mama alishtuka.

"Mvua kubwa ikinyesha. Linajaa upesi au taratibu? Nataka kujua kama ni bati limetoboka au ni msumari umelegea." Akatoa kidaftari. "Na sinki, linarudisha kila siku au mkifua?"

Nikasogea nisikie vizuri. Hapo ndipo nilipokanyaga mfuniko wa rangi.

Wacha nisimulie kifupi: nilitoka stoo nikiwa nimelala kifudifudi, fagio mgongoni, ndoo inaniviringikia kisogoni.

Fundi umeme akaniangalia, akamgeukia mama. "Huko barabarani waliniambia kuna jini. Ndiye huyu?"

"Huyo ni mwanangu," mama akasema bila kupepesa. "Kinyozi."

Fundi umeme alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alipotulia akafunga kidaftari chake.

"Mama, nimezunguka nyumba kumi na moja. Zote nimeambiwa hazina hata ufa. Mimi naingia kwenye dari za watu kila siku, najua kilichomo. Hii ndiyo ya kwanza ninayoijua. Paa nitaliziba mwenyewe, mtanipunguzia bei. Jumatatu nakuja na mume wangu."

Akashuka ngazi. Ya tisa akairuka.

Nikataka kurusha fagio juu kwa furaha. Nikamtazama mama. Alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi, mikono mapajani, uso kama wa mtu aliyeachwa na basi.

"Mama," nikamwambia polepole. "Ulikuwa unawafukuza?"

"Nimfukuze nani? Nilikuwa nasema kweli."

"Mama."

Akakunja upindo wa gauni lake, akaukunjua.

"Nilikuwa nawafukuza," akasema. "Mmeuliza madereva wa malori. Mmemuuliza muuza magodoro, baba wa watu, nyumba hii haijui hata mlango wake. Mimi mkanipa birika."

Nikaokota fagio, nikalirudisha stoo.

Nikampigia dada. Akaja na sare yake ya kazini, nikamweleza pale pale sebuleni. Alianza na hasira, akamalizia na machozi. Akapiga magoti mbele ya mama. "Tusamehe, mama. Nyumba haiuzwi. Tutatafuta namna na hizo ngazi."

Nikachukua simu nimpigie dalali.

"Weka hiyo simu chini," mama akasema. "Nani kawaambia haiuzwi?"

Tukatazamana mimi na dada.

"Jumamosi ya kwanza nilitia chumvi sana," mama akasema. "Nilisema mpaka popo wapo. Ya pili nikaona hakuna haja ya chumvi, yaliyopo yanatosha. Leo nimemwonyesha yule binti mlango unavyosukumwa, nyonga yangu ikalia kama bawaba. Nikajiuliza, hivi mimi hapa napigania nini? Mabeseni?"

Akaanza kucheka. Kicheko chake hakina breki, kikishaanza. Tukajikuta na sisi tunacheka, dada machozi bado yanamtoka.

"Uzeni," akasema, akijifuta macho, akamgeukia dada. "Lakini kwako, mwanangu, siendi."

"Mama! Kwa nini?"

"Nakupenda. Ila wewe unapanga hata vijiko kwa urefu. Nitafutieni vyumba viwili, chini kabisa, visivyo na ngazi hata ya dawa. Ufunguo ukae kwangu. Nikitaka kuwatembelea, nitawatembelea."

Nyumba ikauzwa ndani ya mwezi. Fundi umeme aliziba paa kwa asubuhi moja. Kweli ilikuwa msumari. Halafu akang'oa kabati letu jipya la jikoni lote, maana tulikuwa tumeliweka juu ya bomba lenye matatizo. Geti nalo akaling'oa, gari lake la kazi halipiti. Vitu vyote tulivyogombania mpaka shemeji akahamia chumbani kula, hakubakiza hata kimoja.

Mama yuko mitaa miwili kutoka saluni kwangu. Vyumba alivichagua mwenyewe, sisi tulikatazwa kufungua midomo.

Sasa wewe unayesoma hapa na una nyumba ya wazazi unataka kuiuza, nisikilize mtu niliyeanguka na ndoo. Ziba paa. Zibua bomba. Usichoweza kutengeneza, kitaje, atatokea anayekitaka hivyohivyo.

Ila kabla hujamwita fundi yeyote, vuta kiti ukae na mwenye nyumba. Muulize yeye anataka nini, kisha ufunge mdomo mpaka amalize kujibu.

Wengine watakujibu siku hiyohiyo. Wetu alihitaji Jumamosi nne.