Miiba Kutoka Bunda

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba la ushirika. Msimu ukifunguliwa, Nyasho, mtaa wetu wa Musoma, hawakumwona. Alizunguka vituo vya ununuzi upande wa Bunda, akilala huko huko, akarudi Jumamosi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa miaka ile ya foleni. Sabuni tulikata kipande tukagawana na jirani, sukari tuliisikia kwa watu wenye ndugu Sirari mpakani, na mimi, fundi cherehani, nilishonea nyuzi nilizofumua kwenye nguo kuukuu. Kwa hiyo mume akirudi safari, nilimtazama mikononi kabla ya kumtazama usoni.

Jumamosi moja alishuka amekumbatia kopo la maziwa ya unga. Moyo ukaniruka. Nikalipokea kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na mchanga, na katikati ya mchanga kijiti cha kijivu chenye miiba mitupu, juu yake majani machache na maua mawili mekundu, madogo kama vifungo vya shati la mtoto.

"Hiki nini?"

"Ua."

"Naona ni ua. Wenzako wanaletaga sukari."

"Nimepewa," akasema, akalichukua tena taratibu asichomwe. "Na mama mmoja wa mgahawa pale Bunda. Linaitwa taji la miiba. Amesema linakaa hata bila maji."

Mwanamume huyo hakuwahi kumwagilia hata mche mmoja wa nyanya. Tangu siku ile, akiwa nyumbani, alikuwa akiamka na kwenda moja kwa moja kwenye kopo. Analigeuza, analipuliza vumbi, anachomeka kidole kwenye mchanga kuona kama umekauka. Kama ningemwona anafanya hivyo kwa akili yake mwenyewe, ningecheka tu. Lakini kila alilofanya lilikuwa na mwenyewe kule Bunda. Amesema tusimwagie maji mpaka mchanga ukauke kabisa. Amesema tutoboe kopo chini kwa msumari. Amesema mchanga wa ziwani ni mzuri, uchanganywe na samadi kidogo. Mama huyo sikuwa namjua kwa sura, lakini alikuwa anaongea ndani ya nyumba yangu kuliko mimi.

Lilipokua akaanza kulikata. Alikata matawi kwa wembe, urefu wa kiganja, akayachovya kwenye majivu pale kwenye kidonda ili utomvu wake, yale maziwa, uache kutoka, akayalaza dirishani yakauke siku kadhaa ndipo ayapande. Nilimuuliza kwa nini asipande hapo hapo.

"Yataoza. Amesema kidonda kifunge kwanza."

Siku hiyo alijifuta jasho kwa mkono uliokuwa na yale maziwa, yakamwingia jichoni. Akapiga kelele kama mtoto. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikammwagia maji jichoni, ndoo nzima niliyoibeba kutoka ziwani kwa kichwa changu. Jicho limevimba, machozi yanamtoka, na yeye anasema, "Aliniambiaga nijihadhari na haya maziwa."

Niliweka ndoo chini nikatoka nje. Niliona nikibaki pale nitasema neno ambalo majirani watalisimulia.

Matawi yakashika. Makopo yakajaa kwenye ukuta wa nyuma, chini ya dirisha letu la chumbani, mengine akayapanda kwenye madebe yaliyokatwa nusu. Majirani wakaja kuomba, akawapa, akiwafundisha kwa maneno ya yule mama. Nilitamani yafe. Hayakufa. Nilikaa kwenye cherehani yangu nikijiuliza: miaka yote hii nashona, ameniuliza lini hata mara moja jinsi kola inavyokatwa?

Mwaka uliofuata shangazi yangu aliumwa, nikaenda Butiama kumuuguza. Alipopata nafuu nikamuaga, nikateremka mpaka barabara kuu. Gari la Musoma likaja, nikaliacha lipite. Nikapanda la Bunda.

Mgahawa sikuhitaji kuuliza. Ulizungukwa na makopo pande zote, mekundu matupu, na mlangoni lilikuwapo moja la njano ambalo sikuwahi kuliona. Nikaingia, nikakaa kwenye benchi. Aliyenihudumia ndiye mwenyewe. Nilikuwa nimejiandalia kumkuta mzee wa kumwamkia shikamoo, au msichana wa kumdharau. Alikuwa wa rika langu. Mrefu, mweusi mzuri, ana mwanya, kitenge kimemkaa. Akaniletea chai. Chai ilikuwa na sukari. Nilishika kile kikombe, nikashindwa kujua kipi kinaniuma zaidi, mwanya ule au sukari ile.

"Haya maua umeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Ni ya marehemu mama yangu. Nayakatakata nawapaga madereva." Alikuwa anafuta meza, anazungumza bila kunitazama. "Nimewapa karibu wote. Wanayasahau kwenye lori yanakauka. Aliyeotesha ni mmoja tu, wa Musoma. Huyo akifika hapa, kabla ya chai, anauliza: limetoa jani la njano, nifanyeje? Limeegemea upande mmoja, nifanyeje?" Akacheka. "Mwanamume wa hivyo sijawahi kumwona. Mke wake ana bahati."

"Ndiye mimi," nikasema.

Kitambaa kikasimama juu ya meza. Akaniangalia usoni, kisha miguuni kwenye vumbi la barabara, kisha usoni tena.

"Karibu, dada," akasema, ingawa alikwisha kunikaribisha. Akaniongezea chai. Niliitazama mikono yake ilipokuwa inamimina. Haikutetemeka hata kidogo, na hilo nalo likaniudhi.

"Yanachanua huko kwenu?" akauliza.

"Siku hizi majani tu."

"Ameyaweka wapi?"

"Nyuma, chini ya dirisha."

"Kivulini hayo. Haya yanataka jua, kutwa nzima. Mwambie ayahamishe." Kisha kama aliyekumbuka kitu akachukua kisu cha jikoni, akaenda mlangoni, akakata tawi la lile la njano. Akalichovya kwenye majivu ya jiko, akalifunga kwa kipande cha kanga kuukuu. "Hili sijampa mtu. Chukua wewe."

Nilikuja kugombana, nikaondoka na zawadi. Njia nzima nilikuwa nimeipakata, miiba ikinichoma mapajani kupitia kitambaa, na mimi sikujua nimkasirikie nani.

Nililipanda mbele, barazani, karibu na cherehani yangu, kwenye jua. Likatoa maua mapema kuliko nilivyotegemea. Mume aliporudi safari ya mwisho ya msimu, alisimama mbele yake bila kuvua hata kofia.

"Nani amekupa?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Mtu mmoja Bunda. Amesema hili hajampa mtu mwingine."

Nilimtengea ugali na sato, akala kidogo akanawa. Baadaye akaja kukaa karibu na cherehani.

"Ulienda Bunda kufanya nini?"

"Kunywa chai."

Akasema, "Basi umeona mwenyewe ni mgahawa."

"Nimeona. Na hayo yako ya nyuma yanataka jua kutwa nzima." Mwanya niliouona sikuutaja. Naye hakuutaja. Kesho yake akahamishia makopo yake juani, bila kuuliza nani amesema.

Kama kulikuwa na zaidi ya chai, mpaka leo sijui. Ruhusa ya biashara huria ilipokuja, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao mapya, na yale ya ushirika yakawekwa juu ya mawe. Mume wangu akawa mtu wa kushinda nyumbani. Siku moja dereva mwenzake akapita akatuambia mgahawa wa Bunda umefungwa. Yule mama ameolewa na mchuuzi wa samaki, wamevuka na feri pale Kisorya, wanaishi kisiwani Ukerewe. Mume alikuwa anapanda tawi. "Vizuri," akasema. Ila aliushindilia mchanga wa kopo lile kwa dole gumba muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Nikamwonea wivu mwanamke ambaye maji mengi yalikuwa yamemtenga nasi.

Mitumba nayo ikaingia. Magauni mapya watu wakaacha kushonesha, wakaleta suruali za kupunguza, rundo juu ya rundo, mikono yangu miwili haitoshi. Mume akakaa akiniangalia siku nyingi, halafu akavuta kigoda.

"Nifundishe."

"Nini?"

"Hizo suruali. Unaanzia wapi?"

Nilimfundisha. Suruali ya kwanza aliyopunguza, mguu mmoja ulizidi mwingine kwa vidole viwili, na mwenye suruali, mwalimu wa shule ya msingi, akarudi ameivaa ili tuone. Mume akabisha kwamba mwalimu ndiye amesimama vibaya. Nilicheka mpaka nikalaza kichwa juu ya cherehani, na mwalimu naye akacheka.

Akaja kuwa fundi mzuri, ana subira. Wanawake wa Nyasho wakaanza kuja na sketi zao wakisimama barazani wanaita, "Yule fundi mwanamume yupo?"

"Yupo," nilikuwa naitikia kutoka ndani, kwa sauti ya kufika barabarani. "Yupo na mke wake."